Kwa Emrys, Kuhusu Lile Tone

Emrys, nimefanya ulichonikataza.
Nimefunga kile kichupa.

Usinune. Nisikilize kwanza.
Miaka tisa umekuja Jumapili jioni, ukitoka kanisani,
na suti yako, ukipiga goti juu ya gazeti la juzi,
mswaki mkononi, mafuta ya taa kikombeni,
ukiisugua cheni yangu pingili kwa pingili
kama mtu anayemsafisha mtoto masikio.
Ulipima ulegevu kwa vidole viwili:
"Ikikaza mno itakula beringi. Ikilegea itaruka meno,
nawe utalala Pumlumon na kondoo."
Kisha oili, upande wa ndani, si nje,
ukizungusha gurudumu taratibu,
chai yako ikipoa dirishani.

Lakini Novemba ulianguka ngazini
na nyonga ikasema basi.
Na mvua yetu ya Ceredigion unaijua:
hainyeshi, inahamia.
Chumvi wanayomwaga barabarani usiku wa barafu
iliilamba cheni hadi ikawa rangi ya mkia wa mbweha.
Mara nne kwa wiki, Machynlleth na kurudi,
damu sandukuni nyuma yangu,
na kule chini kitu kinalia.
Kinalia, Emrys, kama lango la shamba la Pugh.
Ningefanya nini? Ningoje upone?
Kutu haijui kungoja.

Basi Jumamosi, gereji, redio ikibishana kuhusu raga,
nikakifunga mwenyewe.
Kichupa nyuma ya paneli ya kiti, wima.
Mrija mwembamba kama unyasi nimeupitisha
kando ya uma wa nyuma, mbali na ekzosi,
nikaubana kwa vibanio saba vya plastiki
(cha nane kilikatika;
nilitukana kwa Kiwelisi, mbwa akatoka nje).
Ncha yake inaligusa sproketi chini kabisa,
pale meno yanapoipokea cheni.
Mrija mwingine unakopa pumzi ya injini:
injini ikivuta, vali hufunguka;
ikizimwa, hufunga.
Hakuna anayehitaji kukumbuka.
Hilo ndilo lililokuudhi, sivyo?
Kwamba hakuna anayehitaji kukumbuka.

Siku ya kwanza niliharibu.
Nilikifungua kigurudumu cha kupimia kupita kiasi,
oili ikachora masharubu kwenye rimu,
na kwenye kona ya daraja la Dyfi tairi likaserereka,
kidogo tu, upana wa kiatu.
Niliisikia sauti yako ndani ya helmeti.
Nikarudi, nikatandika kadibodi, nikaiacha injini ingurume,
nikahesabu nikitazama saa ya mkononi:
dakika moja, tone moja.
Haba na haba hujaza kibaba, wanasema.
Hapa haba na haba inakimaliza kibaba,
na cheni imenyamaza.

Jana nilikuja wodini na zabibu.
Ulikuwa nusu usingizini.
Juu yako ulining'inia mfuko mwekundu,
labda niliuleta mimi, labda siyo;
hatuambiwi, sanduku huwa na namba tu.
Muuguzi Nerys alisukuma kigurudumu cheupe kwa kidole gumba,
akatazama saa.
Ukafumbua jicho moja. Ukaukagua mrija.
Tone.
Tone.
Tone.
Ukasema, "Haraka mno, binti. Utachafua rimu."

Nerys alidhani ni dawa zinazosema.
Mimi nilitoka koridoni nikacheka
mpaka mtu akaniletea kiti,
na sijui ni saa ngapi kicheko kilibadilika kuwa kile kingine.

Sasa sikia.
Kichupa kinataka kujazwa kila baada ya kilomita elfu.
Na matope hakiyaoni; mswaki bado una kazi.
Magazeti nimeyaweka. Stuli nimeinunua,
maana daktari amekataza magoti, nami sitaki ubishi.
Utakaa, utainama kadiri utakavyoweza,
utanionyesha nilipokosea.

Ni kibanio cha tatu. Kimepinda.
Nilikiona siku ileile, Emrys.
Nimekiacha hivyo.